Sinia Moja Moa: Ungemwalika Nani?

Swali lenyewe mnalijua. Ukipewa ruhusa ya kualika watu sita, waliokufa au walio hai, waje kula nawe chakula cha usiku, utawaita akina nani? Linaulizwa kwenye fomu za skolashipu, kwenye usaili wa kazi, na kwenye semina za mwaka wa kwanza pale mwalimu anapotaka watu wachangamke. Na majibu nayo mnayajua. Nyerere, Mandela, Einstein, Messi, mwanamuziki mmoja wa sasa, halafu mtu wa sita ambaye mtu anamtaja huku anaangalia dari kwa sababu majina yamekwisha.

Sina ugomvi na yeyote kati ya hao. Ugomvi wangu ni na orodha. Ni orodha ya picha za ukutani. Mwambie mwenye orodha, "Haya, Einstein kafika, kanawa mikono, kakaa. Unamwuliza nini?" Kimya. Yaani tumemsafirisha mtu kutoka kaburini mpaka kwenye wali, halafu hatuna la kumwambia.

Lakini swali likichukuliwa kwa uzito wake ni zoezi zuri kuliko mengi tunayopewa, maana ndani yake kuna karibu kila kitu ambacho kozi za historia na fasihi zinahangaika kutufundisha: kuchagua, kuuliza, kupima ushahidi, na kutambua nani hayupo. Wakubwa wamelifanya. Mwaka 1979 msanii wa Marekani Judy Chicago alionyesha meza ya pembetatu yenye nafasi 39, 13 kila upande, zote za wanawake wa historia na wa hekaya. Karibu na kwetu zaidi, Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, mwaka 1971 alitoa riwaya yake pekee, The Trial of Christopher Okigbo, ambamo wafu wa Afrika wanakutana ahera na kumweka kizimbani mshairi wa Nigeria aliyefia kwenye vita vya Biafra. Shtaka: kwa nini aliacha ushairi akashika bunduki? Mazrui hakuwaita wafu ili kupiga nao picha. Aliwaita kwa sababu alikuwa na swali linalomkera, na hakuwa na mtu hai wa kumjibu.

Basi kanuni ya kwanza ya zoezi ni hiyo: anza na swali, jina litafuata. Kanuni ya pili ni yangu, na naomba mnivumilie. Chagua mahali kwanza. Karamu isiyo na mahali hualika dunia nzima, na dunia nzima haitoshi kwenye sinia.

Mimi karamu yangu nimeiweka Moa. Kwa wasiopajua, Moa ni kijiji cha pwani katika wilaya ya Mkinga, kaskazini ya jiji la Tanga, karibu kabisa na mpaka wa Kenya. Ukitoka Tanga kwa barabara ya Horohoro unakata kulia kuelekea baharini. Kuna ghuba, kuna mikoko, kuna wavuvi, na wenyeji ni Wadigo na Wasegeju. Hakuna sanamu ya mtu maarufu. Ndiyo sababu nikapachagua. Kila chombo kilichowahi kusafiri kati ya Mombasa na Pangani, Unguja au Kilwa kimepita usawa wa pale, na kila mtu aliyewahi kukimbia serikali ya upande mmoja wa mpaka amefikiria njia zile. Mbaruk bin Rashid, Mmazrui wa Gazi, aliposhindwa na Waingereza mwezi wa Aprili 1896, alivuka na wafuasi wake kuingia upande huu uliokuwa wa Wajerumani, na maisha yake yakaishia Dar es Salaam. Kwa hiyo masharti ya mwaliko wangu ni haya: mgeni awe na njia ya kufika Moa, na awe na namna ya kusikilizana na watu atakaowakuta. Hapo Messi ametoka. Einstein naye, masikini.

Chakula ni cha hapo hapo: bada kwa wanaopenda bada, wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari, maembe mabichi yenye pilipili, kisha kahawa chungu na kaimati. Watu wanakaa mkekani kuzunguka sinia. Hili la sinia si pambo la maelezo. Meza ina kichwa na mkia, na anayekaa kichwani anajulikana. Sinia ni duara, kila mtu anakula mbele yake, na mkono ukivuka kwenda kwa jirani watu wanaona. Najua pia kwamba kwa desturi ya pwani wanaume wana sinia lao barazani na wanawake wana lao ndani. Naomba ruhusa ya wazee kwa usiku mmoja, na sababu yangu ni ya kitaaluma: mazungumzo ya barazani ndiyo yaliyoandikwa mno, yale ya ndani hayakuandikwa, na nikiweka masinia mawili nitarudi na historia ile ile niliyokuja nayo.

Mgeni wa kwanza ni Ibn Battuta. Alizaliwa Tangier mwaka 1304, na mwaka 1331 alishuka pwani yetu. Ninampenda kwa sababu ni mmoja wa wasafiri wachache wa zamani wanaokumbuka walikula nini. Mogadishu alipewa wali wenye samli juu ya chombo kikubwa cha mbao, vitoweo vya kuku, nyama na samaki, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na pembeni ndimu za kachumbari, pilipili, tangawizi na maembe. Akaona pia kwamba mtu mmoja wa pale anakula sawa na kundi zima la watu wa kwao. Mombasa alilala usiku mmoja tu, lakini akaona kwamba chakula cha watu ni ndizi na samaki zaidi, kwamba nafaka inaletwa kutoka nje ya kisiwa, kwamba misikiti ni ya mbao, na kwamba watu wanatembea peku na kunawa miguu mlangoni kabla ya kuingia kusali. Usiku mmoja huo! Wapo wanaofanya utafiti wa miezi mitatu wakarudi na machache kuliko hayo.

Halafu akapanda chombo akaenda Kilwa. Sasa angalieni ramani. Kutoka Mombasa kwenda Kilwa huwezi kuikwepa bahari ya Moa. Alipita, na hakuandika neno. Swali langu kwake ndilo hilo: Shekhe, kati ya Mombasa na Kilwa uliona nini hata ukaona hakifai wino? Pengine ulikuwa usiku. Pengine alikuwa anaumwa na bahari. Pengine pwani yetu hii haikuwa na sultani wa kumpa zawadi, na huyu bwana zawadi alizipenda. Kule Mali, alipoletewa mikate mitatu, kipande cha nyama na kibuyu cha maziwa ya mgando kama takrima ya mfalme, alicheka. Jambo la kukumbuka, na hapa ndipo zoezi linapokuwa somo, ni kwamba kitabu chake hakikuandikwa njiani. Alikisimulia kwa mwandishi aitwaye Ibn Juzayy akiwa amekwisha kurudi Morocco, na kazi ikakamilika mwaka 1355. Miaka 24 baada ya ndizi za Mombasa. Nani kati yetu anakumbuka alikula nini kantini mwezi uliopita?

Mgeni wa pili ni wa Tanga mwenyewe, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mshairi aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima. Wengi mtauliza, kwa nini yeye na si Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vyenyewe? Mwezi wa Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilikuja kushika utawala wa miji ya pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, Pangani ikawaka, na Abushiri akapigana mpaka alipokamatwa. Alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Hadithi yake tumeisoma tangu sekondari. Ila shujaa akikaa kwenye sinia atasema mambo ya kishujaa. Mimi namtaka mtu aliyekuwa anasikiliza. Hemedi aliishi wakati ule ule, alijua kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, na aliona kwamba mambo haya yakiachwa yatapotea. Ningemwuliza habari zilimfikia vipi, nani alimletea, na ni maneno gani yaliyosemwa kwenye mabaraza ya kahawa ambayo hakuyatia kwenye utenzi. Kwa sababu Abushiri naye alikuwa na shamba la miwa Pangani, na miwa ile haikulimwa na watu huru. Watu wa chini walikuwa na neno gani kuhusu vita vile? Utenzi una nafasi kubwa, lakini hata utenzi hauingizi kila mtu.

Faida nyingine ya Hemedi ni ya matumizi tu: anajua Kiarabu. Ibn Battuta atahitaji mkalimani.

Sasa wageni wawili ambao lazima waje pamoja. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, baba Mnyamwezi na mama Mzigua. Jina alilopewa alipozaliwa ni Mtumwa. Siti ni jina la baadaye, na maana yake ni bibi wa heshima. Alikuwa akiuza vyungu kwa miguu, baadaye akahamia mjini, akajifunza kuimba, na mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili wakati ambapo taarabu ya ikulu ilikuwa ya Kiarabu. Wimbo wake mmoja unaojulikana mno ni juu ya Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke, na juu ya mahakama iliyowafunga mashahidi ilhali mhalifu katorokea bara. Ni kama gazeti, ila gazeti linalochezwa kwenye gramafoni. Alifariki mwaka 1950.

Wa pamoja naye ni Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani, Machui, kusini kidogo ya Tanga, aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1909. Ndiye aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad. Hapa mnaona ninachotafuta. Ni mara chache sana unapata nafasi ya kumweka mwandishi wa wasifu na mwenye wasifu wake mkekani, bega kwa bega, mmoja akimpitishia mwenzake ndimu. Shaaban Robert aliandika maisha ya watu kwa nia ya kufundisha wema. Hakuficha hilo, na kila aliyesoma vitabu vyake analijua. Mwandishi wa namna hiyo anachagua. Basi swali langu halimwendei yeye, linamwendea Siti: Bibi, kitabu hiki ni wewe? Amepunguza nini? Na kama Siti atacheka tu asijibu, hilo nalo ni jibu, na mwenye zoezi aandike kwamba alicheka.

Shaaban Robert ningemwuliza jambo moja pembeni, wakati wa kahawa. Maisha yake yote ya kazi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni: forodha, wanyama pori, ofisi ya wilaya, upimaji. Mwaka 1951 akatoa Kusadikika, nchi inayoelea hewani ambako wajumbe sita waliotumwa kuleta mambo mema wanatupwa gerezani, na kijana Karama anasimama kuwatetea. Kila msomaji aliielewa. Je, mabwana zake ofisini hawakuisoma, au waliisoma wakadhani kweli ni habari za nchi ya hewani? Kwa sisi tunaoandika kwenye magazeti ya wanafunzi, swali hilo lina faida yake.

Kuna jambo dogo la adabu. Kati ya wageni wangu wote Shaaban Robert ndiye mdogo kwa umri. Kwa hiyo shikamoo zote zinatoka kwake, na ndiye atakayeshika birika na beseni kuwanawisha wenzake. Mwandishi mkubwa kuliko wote wa Kiswahili cha karne yake anazunguka na taulo begani. Nadhani angelifanya bila kinyongo.

Wa tano ni Mekatilili wa Menza, Mgiriama. Kigiriama na Kidigo ni ndugu, lugha za Mijikenda, kwa hiyo kati ya wageni wote yeye ndiye ambaye akina mama wa Moa wangemwelewa hata akianza kunong'ona. Mwaka 1913 aliwaapisha watu wasitoe vijana wao kufanya kazi za Waingereza. Masimulizi ya Wagiriama yanasema alimletea ofisa wa Kiingereza, Arthur Champion, kuku mwenye vifaranga, akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja aone. Kuku alimdona. Wakampeleka uhamishoni Kisii, magharibi kabisa ya Kenya. Akatoroka, akarudi kwao kwa miguu.

Nchi nzima, kwa miguu, mwanamke aliyekwisha kuwa mtu mzima. Vitabu vinapita hapo kwa sentensi moja: alitoroka akarudi. Nikiwa na swali moja tu kwenye karamu nzima, ningelitumia hapa. Mama, njiani nani alikupa chakula? Fikirini swali hilo linabeba nini. Kati ya Kisii na Giriama kuna Wagusii, Wakipsigis, Wamaasai, Wakamba, watu ambao wengine hawakuwahi kumsikia wala kuisikia lugha yake. Kama alifika, kuna watu walimfungulia mlango. Hao hawana jina kwenye faili lolote la koloni, na jibu lake lingetupa ramani ya Kenya ambayo hakuna mpimaji aliyewahi kuichora.

Mpaka hapo nilikuwa sijapata upinzani. Orodha hii niliipeleka kwanza kwa wenzangu wa kikundi cha kujisomea, na vurugu ilianza kwenye nafasi ya sita.

Mmoja alimtaka Tippu Tip. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Hamed bin Muhammed el Murjebi alizaliwa Unguja karibu mwaka 1837, akafika Kongo mara nyingi, akafahamiana na Livingstone, Cameron na Stanley, na uzeeni akaacha maisha yake yamesimuliwa kwa Kiswahili, kitabu ambacho Mjerumani Heinrich Brode alikichapisha. "Kama unataka ushahidi," aliniambia, "huyu ana ushahidi kuliko hao wako wote. Anajua bei ya pembe, anajua njia, anajua majina ya machifu. Unamwacha kwa sababu humpendi?" Mwingine, ambaye kwao ni bara upande wa ziwa, alisema kama Tippu Tip anakaa basi yeye hata kwa kufikirika hapiki wala hatoi maji. Ukawa usiku mrefu.

Nafasi hiyo mimi nilimpa Rashid bin Hassani, na wengi hawakumjua. Mwaka 1936 Margery Perham, Mwingereza, alihariri kitabu cha maisha ya Waafrika kumi. Rashid yumo. Alikuwa Mbisa, wa nchi ambayo leo ni Zambia, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa, akafikishwa Unguja akawa mtumwa kwenye nyumba ya jamaa wa Sultani. Baadaye alipata uhuru, akafanya kazi kwenye misafara, na uzeeni akawa mlinzi wa misitu Tanganyika. Hakuandika mwenyewe, alisimulia, Mwingereza akaandika na kutafsiri. Kwa hiyo maneno yake kwa Kiswahili, yale aliyoyatamka, tumebaki tukiyasoma kwa Kiingereza cha mtu mwingine. Ningependa kuyasikia.

Je, ningeweza kuwaweka wote wawili? Hapo ndipo mwenzangu aliponibana. Alisema mazungumzo ya maana kuliko yote ni hayo hasa, Tippu Tip na Rashid kwenye sinia moja, mkono kwa mkono. Nilikataa, na sababu yangu si usafi. Kama ningekuwa nachuja wageni kwa usafi, hata Abushiri asingefika mlangoni, na jamii nzima ya Hemedi iliishi juu ya kazi ya watumwa. Sababu yangu ni sauti. Katika pwani ya siku zile mtumwa hakuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Mtu aliyelelewa hivyo tangu utotoni, ukimketisha karibu na Tippu Tip ukamwambia "Haya mzee, sema," umempa nafasi kwa karatasi tu. Atakula mbele yake na kunyamaza. Tippu Tip kitabu chake kipo, nakisoma, nakinukuu, na kwenye insha yangu simkwepi hata kidogo. Kumsoma mtu na kumkaribisha ni vitu viwili. Mwenzangu akajibu kwamba ninamdharau Rashid, kwamba nimeamua kwa niaba yake kuwa hawezi kusimama mbele ya yule bwana, na hiyo nayo ni aina ya kumfunga mdomo. Hoja hiyo bado inaniwasha. Uamuzi sijaubadilisha, na yeye hajabadilisha wake.

Aliyeniuma kumwacha ni Martin Kayamba, Mbondei, ambaye mwaka 1922 aliunda Tanga chama cha Waafrika watumishi wa serikali, na mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Francis Lwamugira na Chifu Makwaia kutoa maoni juu ya mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Viongozi wa serikali ya wanafunzi wangefaidika naye sana, hasa kwenye suala la kudai haki huku mshahara unatoka kwa unayemdai. Lakini yumo kwenye kitabu kile kile cha 1936, na yeye aliandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa Kiingereza safi. Nikichagua kati ya aliyejiandikia na aliyeandikiwa, nafasi ya kuzungumza nampa aliyeandikiwa. Halafu, kusema kweli, naogopa Kayamba angeomba mwenyekiti na katibu wa kikao kabla wali haujapoa.

Walionyimwa mlango ni rahisi. Vasco da Gama ana njia ya kufika, meli yake São Rafael alilazimika kuichoma moto karibu na Mtangata, kusini ya Tanga, Januari 1499, lakini hadithi yake imesimuliwa vya kutosha na watu wake. Jenerali von Lettow-Vorbeck alipigana Jasini, jirani kabisa na Moa, tarehe 18 na 19 Januari 1915, na akajeruhiwa pale. Amekwisha kuandika vitabu. Kama kuna mpagazi wake mmoja anayetaka kuja, nitasogea.

Kuhusu lugha, mmeona wenyewe. Kiarabu kidogo, Kiswahili cha Mrima, cha Unguja, Kigiriama na Kidigo, na karamu nzima inakwenda mpaka kahawa bila mtu kuhitaji Kiingereza. Semina zetu hazijawahi kuweza hivyo.

Na nani anapika? Niliulizwa, na ni swali halali. Siti ndiye mgeni pekee aliyekwisha kubeba vyungu kichwani kwa ajili ya riziki, na nadhani ndiye atakayeuliza wa kwanza jikoni kuna nani. Akina mama wa Moa wanaopika usiku huo waje wakae, sinia likibana tutaongeza jingine. Ibn Battuta alihesabu vitoweo vya Mogadishu kimoja kimoja bila kumtaja hata mpishi mmoja. Safari hii nitamkalisha karibu na mlango wa jiko.

Linabaki suala la ufundi, kwa wale mtakaoandika insha hii kwa alama. Kuna maneno ambayo mgeni wako aliyasema, na unaweza kuonyesha yalipo. Kuna maneno ambayo angeweza kuyasema, kwa jinsi unavyojua maisha yake na wakati wake. Na kuna maneno ambayo wewe unatamani angeyasema. Aina ya tatu ndiyo inayojaza simu zetu: picha ya Mwalimu Nyerere, chini yake nukuu nzuri ambayo Mwalimu hakuitamka popote. Kwenye karamu, aina ya kwanza ilete kwa uhakika, ya pili ilete kwa kuiwekea alama ili msomaji ajue ni wewe unayekisia, ya tatu iache kwenye simu. Mimi hapa, kama mlivyoona, wageni wangu hawakusema neno. Nimewauliza tu. Kwa Mekatilili sikuthubutu hata kukisia, kwa sababu kati yake na mimi kuna mafaili ya maofisa waliomkamata na kumbukumbu za watu waliompenda, na kila upande una sababu ya kuikuza hadithi. Swali la chakula cha njiani halijibiwi na mojawapo, lakini linakuonyesha uende ukawaulize wazee wa wapi.

Pima maswali yako kwa njia hiyo hiyo. Swali ambalo kitabu kimekwisha kulijibu halina haja ya kumfufua mtu. Kumwuliza Shaaban Robert alizaliwa lini ni kumchosha bure. Swali ambalo hata mgeni mwenyewe asingelijua nalo halifai. Usimwulize Ibn Battuta maoni yake juu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Zuri ni lile ambalo yeye alilijua, hakuliandika, na wewe ukilijua kitu fulani kwenye kozi yako kinageuka.

Toleo lijalo tunataka kuchapisha karamu zenu. Wageni wasizidi sita, mahali patajwe kwa jina, kila mgeni na swali moja, na chakula kiwe kinachopatikana hapo. Walio kwao Ujiji, Bukoba, Mikindani au Lamu tunawasubiri kwa hamu. Leteni kwenye ofisi ya gazeti kabla ya wiki ya mitihani. Einstein atapokelewa, ila mwenye orodha aeleze kwanza amefikaje.